Chombo Kimoja, Washirika Wawili: Meli za Serikali na Wanasayansi wa Barafu

Mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2017, meli ya Walinzi wa Pwani wa Kanada iitwayo Amundsen iling'oa nanga katika mji wa Quebec. Ilikuwa imetengewa wanasayansi wapatao 40 kwa safari ya Hudson Bay, ile ghuba kubwa iliyoingia ndani ya nchi ya Kanada upande wa kaskazini. Huko walikusudia kupima maji, barafu na viumbe wa baharini. Swali lao lilikuwa zito: katika mabadiliko yanayoonekana ndani ya ghuba ile, ni kiasi gani kinatokana na kuongezeka kwa joto la dunia, na ni kiasi gani kinatokana na mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mito inayomimina maji humo? Utafiti huo wa miaka minne ulikuwa wa dola za Kanada milioni 17, na safari hii ilikuwa mojawapo ya nguzo zake.

Safari haikufika. Karibu na kisiwa cha Newfoundland, bahari ilikuwa imefunikwa na barafu ambayo wavuvi wa huko hawakuizoea katika majira hayo. Baadhi ya mapande yalifikia unene wa mita 8. Mashua za wavuvi zilikuwa zimenaswa, vivuko vilishindwa kupita, na meli za mafuta zilikuwa zikingoja kufunguliwa njia. Meli nyingine za Walinzi hazikutosha kwa kazi ile, basi Amundsen ikatakiwa iweke kando safari ya utafiti na ishike kazi ya uokozi. Ikaishika. Siku zikapita, na majira ambayo wanasayansi walitaka kuyakuta Hudson Bay yakawapita pia. Mwezi wa Juni, kiongozi wa msafara, Profesa David Barber wa Chuo Kikuu cha Manitoba, alitangaza kwamba awamu ile imefutwa.

Ndugu msomaji, kilichoifanya habari hii izungumzwe sana ni sababu ya barafu ile kuwapo pale. Vyombo vya kupimia vilikuwa tayari melini, na wapimaji hawakukaa bure. Nafasi ilipopatikana katikati ya kazi ya uokozi, walipima unene wa mapande na kuyachunguza. Walibaini kwamba sehemu ya barafu ile haikuzaliwa pale wala mwaka ule. Ilikuwa barafu ya miaka mingi kutoka kaskazini ya mbali, ambayo joto lilikuwa limeilegeza hata ikakatika na kuteremka kusini kwa mkondo na upepo. Kwa hiyo watu waliokuwa wakienda kuchunguza madhara ya joto la dunia walizuiliwa njiani na madhara yenyewe.

Tukio hilo linatuweka mbele ya swali ambalo ni pana kuliko Kanada na kuliko barafu. Chombo cha umma kikiwa na washirika wawili, mmoja mwenye kazi ya kuokoa na kulinda, mwingine mwenye kazi ya kuchunguza na kufahamu, nani atangulizwe? Na yule anayewekwa nyuma, anabaki na haki gani?

Chombo kinachopanda juu ya barafu

Kwa sisi tuliozaliwa kandokando ya bahari isiyoganda, huenda ikafaa kwanza kueleza meli hizi ni za namna gani. Wengi hudhani kwamba meli ya kuvunja barafu huipasua kama kisu kinavyopasua mkate. Sivyo. Omo wa meli hii umechongwa kwa mwinamo, si wima. Injini zinapoisukuma, omo hupanda juu ya barafu, na uzito wa meli yenyewe ndio unaoibonyeza barafu hata ikavunjika. Ikikutana na barafu nene mno, meli hurudi nyuma, hujikusanyia nguvu, kisha hujitupa tena mbele. Kazi hiyo hurudiwa pengine mara nyingi ili kupata mwendo mdogo tu.

Meli ya namna hiyo inahitaji chuma kinene ubavuni, injini zenye nguvu kubwa, mafuta mengi na mabaharia waliozoea. Gharama ya kuijenga huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Ndiyo maana aghalabu mwenye kuimiliki ni serikali, nayo huinunua kwa kazi zake: kufungua njia za biashara wakati wa baridi, kupeleka chakula na mafuta katika vijiji vilivyozungukwa na barafu, kuokoa watu, na kuonesha kwamba maji yale yana mwenyewe.

Mwanasayansi naye ana haja na mahali palepale. Setilaiti huona uso wa barafu kutoka juu, lakini haioni maji yaliyo chini yake, wala viumbe wanaoishi humo, wala udongo wa sakafu ya bahari. Anayetaka kuyajua hayo hana budi kufika, kutoboa, kuteremsha vyombo na kuchota. Hakuna chuo kikuu kinachoweza kwa urahisi kununua meli kama hiyo, kuilipia mafuta na kuiajiria mabaharia. Kwa hiyo mwenye meli na mwenye swali hukutana, na huo ndio mwanzo wa ushirika.

Kwa nini swali lao litushughulishe sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Barafu ya bahari yenyewe ikiyeyuka haiongezi kina cha maji kwa kiasi cha kuonekana, kama vile kipande cha barafu kinavyoyeyuka ndani ya glasi bila maji kumwagika. Lakini barafu ile ni nyeupe, nayo hurudisha mwanga wa jua angani. Ikiondoka, maji meusi yaliyo chini hulimeza joto. Joto likizidi, barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, nayo huyeyuka, na hiyo ndiyo inayopandisha bahari. Bahari ni moja. Kinachoongezwa kule hufika mpaka kwenye minazi yetu.

Ushirika uliozaa matunda

Mfano mmoja mashuhuri ulianza Oktoba 1997. Meli nyingine ya Walinzi wa Pwani wa Kanada, Des Groseilliers, ilipelekwa kaskazini ya Alaska, ikazimwa injini zake za mwendo na kuachwa kwa makusudi igande ndani ya barafu. Ilikaa humo mwaka mzima, ikichukuliwa na barafu popote ilipokwenda. Kuizunguka meli, wanasayansi walijenga vibanda vyao juu ya barafu, wakapima joto la hewa, mawingu, theluji na maji kwa majira yote manne. Meli ilikuwa nyumba yao, jiko lao na mtambo wao wa umeme. Walikuta barafu nyembamba kuliko walivyotarajia, na vipimo vyao vilisaidia kurekebisha hesabu ambazo kompyuta hutumia kubashiri tabianchi.

Hiyo Amundsen tuliyoanza nayo ina historia ya kuvutia zaidi. Ilianza kazi mwaka 1979 kwa jina la Sir John Franklin, yule nahodha Mwingereza aliyeondoka kwao mwaka 1845 na meli mbili kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Amerika, asirudi yeye wala watu wake 128. Ilipofika mwaka 2000, serikali iliiona meli hii haina kazi tena, ikaistaafisha. Ndipo wanasayansi wa Kanada, wakiongozwa na Profesa Louis Fortier wa Chuo Kikuu cha Laval, walipotoa rai: msiitupe, tupeni sisi sehemu yake.

Kwa takriban dola za Kanada milioni 30, meli ikafanyiwa matengenezo makubwa na ikarudi baharini mwaka 2003. Ilipewa jina jipya la Roald Amundsen, Mnorwei aliyekuwa wa kwanza kuikamilisha kwa chombo njia ile ambayo Franklin aliifia. Ndani yake ziliwekwa maabara na mitambo ya kuchora sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti. Katikati ya tumbo lake pakatobolewa kisima kinachofika hadi majini, ili vyombo viteremshwe hata pale meli inapokuwa imebanwa na barafu pande zote.

Mapatano yalikuwa rahisi kuyaeleza. Wakati wa baridi, meli ni ya Walinzi, inafungua njia ya biashara katika mto na ghuba ya St. Lawrence. Wakati wa kiangazi, inapanda kaskazini na wanasayansi. Nahodha na mabaharia ni wale wale wa serikali mwaka mzima. Kila upande ulipata ambacho usingekipata peke yake: Walinzi walirudishiwa meli waliyokwisha kuipoteza, na wanasayansi walipata chombo ambacho hakuna chuo kingeweza kukiendesha. Baadaye meli hii ilichorwa nyuma ya noti ya Kanada ya dola 50.

Wala matunda hayakuwa ya wasomi peke yao. Katika vuli ya mwaka 2004, Amundsen ilizunguka vijiji 14 vya Nunavik, nchi ya Wainuiti iliyo kaskazini mwa jimbo la Quebec, vijiji visivyounganishwa na barabara. Safari hiyo haikubeba wapimaji wa barafu tu. Ilibeba wauguzi na watafiti wa afya. Watu wapatao elfu moja walishiriki katika uchunguzi huo. Walipandishwa melini, wakapimwa damu, mishipa na uimara wa mifupa, katika mahali ambapo hospitali yenye vifaa hivyo ni safari ya ndege. Uchunguzi kama huo ulirudiwa kwa meli ile ile mwaka 2017, miezi michache tu baada ya msafara wa Hudson Bay kuvunjika.

Mfano mwingine ni wa mwezi wa Septemba 2014. Meli ya Walinzi iitwayo Sir Wilfrid Laurier ilikuwa kaskazini ikisaidia kuzitafuta zile meli mbili za Franklin, na papo hapo ikiwa na wachora ramani za bahari wenye kazi zao wenyewe. Siku moja helikopta ya meli iliwapeleka mchora ramani na mtaalamu wa mambo ya kale katika kisiwa kidogo. Mchora ramani alikwenda kusimika chombo chake cha vipimo. Mwenzake akaona fursa ya kutazama ardhi. Rubani, aliyekuwa akitembea ufukweni, akaona pande la chuma lililokuwa sehemu ya meli ya kale. Siku iliyofuata, chombo cha kuchunguza chini ya maji kilikwenda karibu na hapo, na meli ya Erebus ikaonekana imekaa sakafuni baada ya miaka zaidi ya 160. Wainuiti walikuwa wamesimulia kwa vizazi kwamba meli moja ilizama upande ule; chuma kile kilithibitisha kauli yao. Kama kila mmoja angengoja helikopta yake mwenyewe, huenda chuma kile kingekuwa bado mchangani.

Sufuria za mtaa

Mpaka hapo ushirika unaonekana ni kheri tupu. Lakini kila mwenye uzoefu wa kutunza mali ya watu wengi anajua kwamba mtihani hauji siku ya kununua. Katika mitaa yetu kuna sufuria kubwa, majamvi na maturubai yanayotunzwa kwa ajili ya wote. Familia moja imeandika jina lake kwenye daftari miezi mitatu kabla, kwa harusi ya Ijumaa. Alhamisi usiku unatokea msiba katika nyumba ya tatu. Hakuna anayeuliza nani ameandika jina mwanzo. Sufuria zinakwenda msibani. Wala mwenye harusi, akiwa mtu mzima, hagombi. Lakini msiba ukitokea harusi baada ya harusi, na sufuria zikawa zile zile mbili za miaka 30 iliyopita, watu wataanza kuuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza, kwa nini mtaa haukununua nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Amundsen. Miaka miwili kabla ya kisa cha Newfoundland, katika kiangazi cha mwaka 2015, meli hiyo hiyo ilitolewa katika kazi ya utafiti na kupelekwa upande wa mashariki wa Hudson Bay, ambako barafu ilikuwa imezizuia meli zenye shehena za vijiji vya pwani. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2011, injini zake kadhaa zilikutwa zina nyufa. Msimu wote wa mwaka 2012 ukapotea bandarini. Meli ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka 30, na wanasayansi hawakuwa na nyingine ya kuhamia.

Upande wa Marekani mambo hayakuwa tofauti. Meli yao Healy, ya Walinzi wa Pwani, ilijengwa kwa makusudi ya kubeba wanasayansi, na ina nafasi ya wapatao 50. Mwishoni mwa mwaka 2011, ikiwa imemaliza miezi mingi ya kazi kaskazini, ilizuiliwa isirudi nyumbani. Mji mdogo wa Nome katika Alaska ulikuwa haukupata mafuta yake ya baridi, kwa sababu dhoruba ilikuwa imezuia shehena ya mwisho. Januari 2012 Healy iliifungulia njia meli ya mafuta ya Kirusi, Renda, katika mamia ya kilomita za barafu, na takriban lita milioni 5 za mafuta zikateremshwa kwa bomba mpaka mjini. Meli ya elimu ikawa meli ya riziki, na watu wakapata moto wa kujipasha.

Katika mifano hii yote, uamuzi wa kuitanguliza roho ya mtu ulikuwa sahihi. Sidhani kwamba kuna mpimaji yeyote wa barafu mwenye akili timamu ambaye angetaka mvuvi aachwe akibanwa na mapande ili yeye akachote maji yake. Roho haiwekwi katika mizani moja na kipimo. Wala wanasayansi hao si watu wa kukaa pembeni wakati wengine wanahatarisha maisha. Septemba 2013 helikopta ya Amundsen ilianguka baharini katika Aktiki ya Kanada ilipokuwa ikirudi kutoka kuikagua barafu. Waliofariki walikuwa watatu: nahodha wa meli, rubani, na mwanasayansi mmoja. Hatari ilikuwa ya wote, na hasara ikawa ya wote.

Hata hivyo tutofautishe baina ya dharura mbili. Ipo dharura inayomshukia mtu ghafla, asiyeweza kuijua kabla. Na ipo dharura inayozaliwa na kutojiandaa. Mvuvi aliyenaswa Newfoundland alikuwa katika dharura ya kwanza. Serikali iliyokuwa na meli chache na kongwe, katika bahari ambayo wataalamu wake wenyewe walikuwa wakisema inabadilika, ilikuwa katika dharura ya pili. Dharura ya kwanza inampa mtu haki ya kutangulizwa. Dharura ya pili haimpi mwenye mali haki ya kumnyang'anya mshirika wake kila mwaka na kuiita hali hiyo majaaliwa.

Na ukitazama kwa makini, yule mvuvi na yule mpimaji si mahasimu hata kidogo. Barafu iliyomnasa mvuvi ndiyo ambayo mpimaji anataka kuifahamu, ili mwaka mwingine aweze kusema mapema: mwaka huu inateremka, msitoke. Kila safari ya utafiti inayofutwa leo inapunguza onyo ambalo lingemfikia mvuvi kesho. Elimu ikiahirishwa kila mara kwa ajili ya uokozi, mwishowe uokozi wenyewe unaongezeka.

Nguo ya kuazima

Lipo pia suala la fedha, na hapa Marekani imetoa funzo. Kwa miaka mingi Walinzi wa Pwani walipewa fedha na serikali kuu za kuziendesha meli zao za kuvunja barafu. Kuanzia mwaka wa fedha 2006, fedha hizo zilihamishiwa kwenye Wakfu wa Taifa wa Sayansi, kwa hoja kwamba wanasayansi ndio watumiaji wakubwa, basi wao ndio walipe. Hoja hiyo inapendeza masikioni. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye meli alikuwa hana fedha za meli, na mwenye fedha hakuwa mwenye meli. Wakfu, kama alivyo mtunza hazina yeyote, ulitafuta bei nafuu. Meli za Walinzi, Polar Star na Polar Sea, zilizojengwa katika miaka ya 1970, zilikuwa zimechoka na matengenezo yao ni ghali. Wakfu ukakodi meli ya Uswidi iitwayo Oden kufungua njia ya kufikia kituo cha McMurdo huko Antaktika, na kwa misimu kadhaa kazi ikaenda vyema.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Baada ya majira mawili ya baridi kali katika bahari ya Baltiki, mwaka 2011 serikali ya Uswidi ilisema inaihitaji meli yake nyumbani. Ilikuwa haki yao. Meli ni yao na bandari zilizoganda ni zao. Wakati huo Polar Sea ilikuwa imeharibika injini tangu mwaka 2010, na Polar Star ilikuwa bado matengenezoni. Taifa tajiri kuliko yote duniani likabaki bila meli nzito hata moja ya kuvunja barafu iliyo tayari kwa safari. Likaenda kukodi meli ya Kirusi, Vladimir Ignatyuk, ili watu wake walioko Antaktika wapate mafuta na chakula. Baadaye fedha za uendeshaji zilirudishwa kwa Walinzi wenyewe.

Funzo si kwamba kuazima ni vibaya. Mataifa yanaposaidiana, kila mmoja hufaidika. Kati ya miaka 2008 na 2011 Healy ya Marekani na Louis S. St-Laurent ya Kanada zilisafiri pamoja katika bahari ya Aktiki: moja ikitangulia kuvunja barafu, nyingine ikifuata nyuma na vyombo vya kupimia, kisha wakibadilishana. Kwa njia hiyo kila nchi iliipima sakafu ya bahari ambayo isingeweza kuipima peke yake, ingawa zipo sehemu za bahari hiyo ambazo nchi hizo mbili zinagombea mpaka. Tofauti ni kwamba hapo kila mmoja alikuja na chombo chake. Aliye na chake akikutana na aliye na chake, huo ni ushirika. Asiye na chake hushirikiana kwa hisani ya mwenziwe, na hisani ina mwisho.

Mfano wa bara letu

Afrika nayo imo katika habari hii. Afrika Kusini ina meli ya serikali iitwayo SA Agulhas II, iliyojengwa nchini Ufini na kukabidhiwa mwaka 2012. Hiyo haikubadilishwa matumizi uzeeni. Tangu ilipokuwa michoro juu ya karatasi, ilikusudiwa kufanya kazi mbili: kupeleka watu, mafuta na vyakula katika kituo cha nchi hiyo huko Antaktika na katika visiwa vyake vya kusini, na kubeba maabara za wanasayansi. Kwa kuwa mgawanyo uliingia katika ujenzi wenyewe, shehena na utafiti huenda katika safari moja bila kugombania nafasi.

Mwezi wa Machi 2022 meli hii iliubeba msafara ulioipata Endurance, meli ya Ernest Shackleton iliyozama mwaka 1915, ikiwa imelala katika kina cha mita 3,008 chini ya barafu ya bahari ya Weddell. Na kwa kuwa meli inayoweza barafu inaweza pia maji ya joto, katika miaka 2017 na 2018 ilitumika katika utafiti wa Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani upande huu wetu. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya baridi ya kusini kikafaa pia kuichunguza bahari wanakovua watu wa Afrika.

Masharti ya ushirika mwema

Tukiyakusanya haya yote, tunaweza kuona ni nini kinachoufanya ushirika wa namna hii udumu. La kwanza ni kwamba nahodha awe mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika meli hizi kiongozi wa wanasayansi hupanga wapi pa kupima na kwa muda gani, lakini linapokuja suala la usalama na njia, kauli ya mwisho ni ya nahodha. Wanasayansi waliozoea safari hizi hawalioni hilo kuwa dharau. Wanaliona kuwa bima ya maisha yao.

La pili ni kwamba zamu ya kila mmoja iandikwe kabla ya safari, pamoja na orodha ya mambo yanayoweza kuivunja zamu hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku za meli ni mali. Iandikwe pia kwamba aliyepokonywa siku zake kwa dharura atarudishiwa nyingine, na katika majira yanayofaa, kwa sababu barafu ya Mei haipimwi Agosti. Bila ya sharti hilo, mshirika dhaifu ndiye atakayelipa gharama za kila msiba.

La tatu ni kwamba ushirika usigeuzwe kisingizio cha ubahili. Ni busara kwa serikali kusema, meli moja ifanye kazi mbili. Si busara kusema, kwa kuwa meli moja inafanya kazi mbili, hatuna haja ya ya pili. Kanada ilipiga hatua katika hilo: mwaka 2018 ilinunua meli tatu zilizokwisha kutumika ili kuongeza nguvu ya Walinzi wake, na mwaka 2021 ikatangaza kujenga meli mbili kubwa mpya za kaskazini.

La nne ni kwamba kinachopatikana kirudi kwa wenye bahari. Wainuiti waliopimwa mifupa na damu yao, wavuvi waliopisha zamu na waliopishwa, na raia waliolipa kodi wana haki ya kupata majibu kwa lugha wanayoielewa. Elimu iliyopatikana kwa chombo cha umma ni amana ya umma.

Na ule msafara wa Hudson Bay? Haukufa. Mwaka mmoja baadaye, katika majira yale yale ya kuelekea kiangazi, Amundsen iliingia katika ghuba ile ikiwa na wanasayansi wake, wakapima walichokusudia. Swali lao lilichelewa mwaka mmoja. Wavuvi wa Newfoundland walipata msaada wao kwa wakati. Hesabu hiyo, kwa mwaka ule mmoja, ni ya haki. Serikali itaihifadhi haki hiyo endapo itahakikisha kwamba mwaka mwingine zamu ya kungoja haimwangukii tena mshirika yule yule.